Panzi Alichomwa Wapi?

Nianze kwa kuungama. Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliandika insha kuhusu hadithi fupi ya Ernest Hemingway iitwayo "Big Two-Hearted River", nikapata alama nzuri tu, na kiukweli sikuwa nimeielewa. Niliandika kwamba mto ni ishara ya utakaso, mji ulioungua ni ishara ya vita, na kinamasi ni ishara ya hofu. Kila kitu kilikuwa ishara ya kitu kingine. Hata samaki walikuwa ishara, ya nini sikumbuki tena.

Likizo ile nilikwenda Ifakara kwa mjomba wangu. Yeye amevua mto Kilombero tangu ujana wake, kwa ndoana, kwa nyavu na kwa migono. Jioni tumekaa nje akaniuliza huko chuoni mnasoma nini. Nikamsimulia: kuna kijana anaitwa Nick, ametoka vitani, anashuka treni kwenye mji ulioteketea kwa moto, anatembea na mzigo mgongoni mpaka mtoni, anapiga hema, analala. Asubuhi anakamata panzi, anavua. Basi, imeisha.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Huyo panzi alimchoma wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Si umesema umesoma?"

"Nimesoma, mjomba."

"Sasa umesoma nini, mjomba, kama hujui chambo kilikaaje kwenye ndoana?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinikera kwa miaka. Juzi juzi nimeirudia hadithi, safari hii si kwa ajili ya mtihani, nikimtafuta panzi. Nimempata. Na nimegundua kwamba swali la mjomba lilikuwa swali la uhakiki kuliko yote niliyoulizwa darasani.

Jibu ni hili: Nick anamchoma panzi chini ya kidevu, anaipitisha ndoana kifuani mpaka tumboni. Panzi anaishika ndoana kwa miguu ya mbele na kuitemea mate ya kahawia. Yaani hakuning'inizwa tu pale. Ametungwa kwa urefu wa mwili wake, ili mkondo wa maji usimng'oe kirahisi. Aliyewahi kutupa chambo kwenye maji yanayokwenda kasi anajua tofauti ya hayo mawili.

Na kabla ya hapo kuna somo zima la kupata chambo. Nick anatoka mapema, umande haujakauka. Anageuza gogo, anakuta panzi wamejazana chini yake kwa baridi, hawawezi kuruka. Anachukua kama hamsini, wa kahawia, wa ukubwa wa kati, anawatia kwenye chupa. Kizibo chake ni kijiti cha msonobari, kinachoziba kiasi cha panzi wasitoke lakini hewa iingie. Halafu analirudisha gogo mahali pake, kwa sababu anajua kesho asubuhi panzi watakuwa pale pale. Jua likishapanda, kuwapata hao hamsini ingekuwa kazi ya siku nzima.

Darasani kurasa hizi tuliziruka. Tuliambiwa ni "maelezo ya mandhari". Lakini angalia zinafanya nini. Hadithi ilitoka mwaka 1925. Hemingway alikuwa amejeruhiwa Italia mwaka 1918, akiwa dereva wa gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Mwaka uliofuata alikwenda kuvua karibu na mji wa Seney, jimbo la Michigan, Marekani. Katika hadithi nzima vita havitajwi hata mara moja. Lile neno "ametoka vitani" nililomwambia mjomba halimo. Nililiongeza mimi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Kilichomo ni mtu anayefanya kila jambo kwa utaratibu mno: hema linapigwa hivi, kahawa inachemshwa hivi, panzi anachomwa hapa. Mtu wa kawaida hahitaji kuwa makini kiasi hicho. Anayehitaji ni yule ambaye akiacha mikono ikae bure, kichwa kitaanza kwenda kusikotakiwa. Kwa hiyo maelekezo ya uvuvi si pambo la hadithi. Ndiyo hadithi yenyewe. Ukiyaruka umemruka Nick.

Mfano ulionishika zaidi ni wa mkono uliolowa. Samaki wa kwanza anayemvuta Nick ni trauti mdogo, anataka kumrudisha. Kabla ya kumgusa analowesha mkono kwanza. Sababu inatolewa pale pale: mwili wa trauti una ute laini unaomlinda, ukimshika kwa mkono mkavu ute unatoka, na pale palipobanduka kuvu itashambulia. Hili ni kweli, wala si la trauti peke yake. Halafu Nick anakumbuka mito yenye wavuvi wengi, ambako aliwahi kuona trauti waliokufa, wameota kuvu, wamesukumwa na maji kwenye mawe au wanaelea kwenye vidimbwi.

Hebu tulia hapo. Wale samaki hawakuuawa na mtu mwenye nia mbaya. Waliguswa vibaya na watu waliodhani wanawaachia huru, watu wakaenda zao, samaki akafa baadaye, mbali. Sijui kama kuna maelezo mazuri kuliko haya ya kijana aliyerudishwa nyumbani akiwa mzima wa mwili. Lakini Hemingway hasemi hivyo. Anasema: lowesha mkono. Ukiijua kazi, maana inakujia yenyewe. Usipoijua, itabidi mwalimu akuandikie ubaoni.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na sisi wenyewe. Wengi wetu tuliosoma fasihi Tanzania tulilelewa kwenye "fani na maudhui". Siudharau utaratibu huo. Ulinipa macho ya kwanza ya kusomea. Ila ulitufundisha haraka mbaya. Tukikutana na mvuvi kwenye kitabu, tunauliza anawakilisha tabaka gani. Hatuulizi anavua nini, saa ngapi, kwa chambo gani. Dhamira tunaifikia kabla hatujafika mtoni.

Angalia tunavyofanya na methali. "Samaki mkunje angali mbichi." Kila mtoto wa shule anajua ni malezi. Sasa nenda soko la samaki wakavu, muangalie kambale: amekunjwa mkia ukakutana na kichwa, akabanwa kwa kijiti, ndipo akawekwa juu ya moshi. Akishakauka hakunjiki, anavunjika. Kwa mjomba methali ile ni maelekezo ya kazi kwanza, malezi baadaye. Na ukiijua kazi, hata somo la malezi linakuwa zito zaidi, maana unajua huyo samaki anakunjwa ili astahimili moto. Kiswahili chenyewe kina neno moja kwa kazi zote mbili: tunatunga hadithi, na tunatunga samaki kwenye kamba.

Nilipomaliza Hemingway nilirudi nyuma zaidi, kwa Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu chake "The Compleat Angler" mwaka 1653. Hiki ni kitabu cha kufundisha uvuvi wa mtoni moja kwa moja: samaki huyu anapenda chambo gani, msimu gani, akishapatikana anapikwaje. Mwaka 1676 rafiki yake Charles Cotton akaongeza sehemu ya kuvua kwa chambo bandia cha unyoya kinachoigiza mdudu. Ajabu yake ni kwamba kitabu kimeandikwa kama mazungumzo. Mvuvi na mwanafunzi wake wanatembea kando ya mto, wanaulizana, wanasimama kula, wanaimba. Nilijisikia nyumbani kuliko nilivyotarajia. Hivyo ndivyo mjomba alivyonifundisha: hakuna somo bila matembezi, na hakuna matembezi bila soga.

Walton ana makosa, tena mengine ya kuchekesha. Kwa mfano, anakubali kwamba baadhi ya samaki aina ya pike huzaliwa kutokana na majani ya majini. Lakini kitabu hakikufa kwa kosa hilo. Kimeendelea kuchapwa kwa zaidi ya miaka 350, kwa sababu unasikia mtu anayependa anachokifundisha. Na zingatia mwaka. Uingereza ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme alikatwa kichwa mwaka 1649, na Walton alikuwa upande wa mfalme, yaani upande ulioshindwa. Naye anazungumzia chambo. Waandishi wawili, karne tofauti, wote wametoka kwenye vita, wote wanakwenda mtoni na kuanza kutueleza namna ya kushika ndoana. Siamini kwamba ni kukimbia. Naona ni kumtafuta mtu kitu cha uhakika cha kusema, pale ambapo maneno makubwa yamechoka.

Na Hemingway alilijua hilo. Mwishoni mwa hadithi kulikuwa na kurasa kadhaa ambazo Nick anawaza juu ya uandishi na waandishi. Alizikata kabla ya kuchapa, akaacha samaki. Kurasa zile zilikuja kutoka mwaka 1972, yeye akiwa amefariki tangu 1961. Nimezisoma. Alifanya vizuri kuzikata.

Hata hivyo nina lawama yangu. Kwenye safari ya kweli ya Seney, Hemingway alikuwa na rafiki zake wawili. Katika hadithi Nick yuko peke yake. Ninaelewa kwa nini, lakini upweke ule una gharama. Mto wa Nick hauna mtoto anayetumwa kuchimba nyungunyungu, hauna mama anayesubiri ufukweni na beseni, hauna anayeuliza bei. Nick anavua ili apate nafuu. Akishapata wawili inatosha. Mjomba alivua ili tule, na ada yangu ya kidato cha tano ilitoka kwenye migono. Hofu ya kurudi na mtumbwi mtupu haimo kwa Hemingway, na kwetu ndiyo hofu ya kwanza.

Kwa hiyo hadithi ya Kilombero haiwezi kuwa nakala ya ile. Lakini inaweza kujifunza uaminifu wake. Mwandishi atakayeiandika itabidi ajue kwamba masika maji yakifurika, samaki wanatoka mtoni kwenda mbugani kuzaliana, na maji yakianza kurudi ndipo migono inategwa kwenye mifereji. Ajue kwamba perege ana mdomo mdogo, anataka ndoana ndogo na kidonge cha ugali au nyungunyungu, mshipi mwepesi, na wewe usikanyage kwa kishindo. Kambale ni wa usiku, wa matopeni, anatafuta kwa ndevu kuliko kwa macho, kwa hiyo chambo chake kinuke: utumbo wa kuku, au kipande cha sabuni ya mche, ambacho mjomba alikiamini kuliko nyama. Chubwi iwe nzito ikae chini. Na akishatoka majini usidhani amekwisha, maana anavuta hewa huyu, anaweza kukaa muda mrefu nchi kavu na bado akakuponyoka. Hayo yote sijayakuta kwenye riwaya yoyote niliyosomeshwa. Yako kichwani mwa mzee mmoja ambaye macho yamepungua nguvu na usiku haendi tena mtoni.

Mwezi uliopita nilimpelekea deni lake. Nilikaa naye mchana mmoja, nikamsomea hadithi nzima, nikiifasiri kwa mdomo sentensi kwa sentensi. Kwenye panzi na umande alitikisa kichwa: "Huyu anajua." Kwenye kahawa alisema yule kijana ana mambo mengi. Kwenye trauti mkubwa aliyekata mshipi akaenda na ndoana mdomoni, Nick akakaa kwenye gogo mikono ikimtetemeka, mjomba hakusema kitu.

Tukafika mwisho, kwenye kinamasi. Mto unaingia gizani chini ya miti, Nick anatazama, hataki kuingia. Huko maji yangemfika kwapani, matawi yako chini, na samaki mkubwa ukimnasa huna pa kumtolea. Anaamua kurudi kambini, siku za kuvua kinamasi bado zipo nyingi. Kwenye insha yangu ya chuo niliandika: "Hii inaonyesha woga wa mhusika."

Nikamuuliza mjomba kama Nick aliogopa.

"Kuogopa nini? Maji ya kwapani, matawi juu, mtu peke yake. Utamnasa samaki, utamuua bure, umpoteze. Amefanya vizuri kurudi. Mvuvi anajua leo si siku yake."

Kisha akaniomba nirudie pale kwenye mkono uliolowa. Nikarudia.