Kutangulia si Kufika: Mafanikio ya Shule za Mkataba Yahesabiwe Wapi?

Mwaka 2010, shule ya Urban Prep iliyoko Englewood, Chicago, ilitangaza habari iliyoenea Marekani nzima: wavulana wote 107 wa darasa la mwisho, Wamarekani Weusi, walikuwa wamedahiliwa katika vyuo vikuu vya miaka minne. Hilo lilikuwa kundi la kwanza kuhitimu tangu shule ifunguliwe mwaka 2006. Katika shule hiyo mwanafunzi huvaa tai nyekundu, na akipata barua ya udahili huibadilisha kwa tai yenye milia ya nyekundu na dhahabu. Sherehe hiyo ni halali yao. Ninachohoji ni kama barua ya udahili inatosha kuwa kipimo cha kazi ya shule.

Shule ya mkataba ni shule ya umma isiyotoza karo. Fedha hutoka serikalini, lakini uendeshaji hukabidhiwa bodi inayojitegemea, nayo hufungwa na mkataba wa kuleta matokeo. Isipoyaleta, shule yaweza kufungwa. Jimbo la Minnesota ndilo lililopitisha sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 1991. Kwa kuwa uhai wa shule hutegemea matokeo, kila shule hutafuta namba ya kuonyesha, na udahili ni namba inayopatikana mapema, kabla hata ya mahafali. Zaidi ya hayo, asilimia mia moja ya darasa la mwisho haiwahesabu walioondoka njiani kabla ya kufika darasa hilo.

Kwa sababu hiyo naiona ripoti ya KIPP ya mwaka 2011 kuwa ya thamani kuliko matangazo mengi. KIPP ilianzishwa Houston mwaka 1994 na walimu vijana wawili, Mike Feinberg na Dave Levin, kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Ilijulikana kwa siku ndefu za masomo na nidhamu kali. Ripoti hiyo iliwarudia wanafunzi waliomaliza shule zake za kati miaka kumi au zaidi iliyotangulia, ikauliza ni wangapi waliopata shahada ya miaka minne. Jibu lilikuwa asilimia 33. Wastani wa taifa ulikuwa takriban 31, na wa vijana wa familia zenye kipato cha chini takriban 8.

Namba hiyo husomwa kwa njia mbili, na zote mbili ni za kweli. Asilimia 33 ni takriban mara nne ya matarajio ya mtoto maskini. Lakini pia ina maana kwamba wawili kati ya kila watatu hawakufika pale shule ilipowaahidi. KIPP yenyewe ilikiri kwamba lengo lake ni asilimia 75. Uzuri wa ripoti uko hapo: ilianza kuhesabu tangu mwisho wa shule ya kati, haikungoja walegevu wachujwe kwanza.

Wapinzani husema wazazi wanaoomba shule hizi tayari wana ari, hivyo sifa ni ya wazazi. Hoja hii ina nguvu, ila inajibika. Nafasi zikipungua, shule hizi hugawa kwa kura, kwa hiyo watafiti wanaweza kuwalinganisha walioshinda kura na walioikosa, na wazazi wa pande zote mbili waliomba. Taasisi ya Mathematica ilifanya hivyo mwaka 2019, ikaona kwamba kusoma shule ya kati ya KIPP kuliongeza kujiunga na chuo kwa takriban asilimia 13 za nyongeza. Utafiti wake wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliosoma shule ya kati peke yake hawakupata faida kubwa ya kumaliza chuo, bali walioendelea hadi sekondari ya KIPP ndio waliopata.

Kwangu, funzo ni hili: msaada uliokatizwa katikati huonekana kwenye udahili, kisha hufifia kabla ya shahada. Mwanafunzi hahitaji kusukumwa hadi langoni tu. Anahitaji nauli, ada, na mtu wa kumuuliza anapokwama muhula wa pili.

Sisi wa Uganda hatuna shule za mkataba za namna hiyo, lakini ugonjwa wa namba tunaujua. Matokeo ya UNEB yakitoka, magazeti hupanga shule kwa daraja za kwanza, na wazazi huamua kwa orodha hizo. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Shule inayojisifu kwa waliodahiliwa, na iulizwe pia idadi ya walioanza nayo na ya waliohitimu chuo. Isipoweza kujibu, bado haijatueleza mafanikio yake.