Nani Anamwimbia Nani? Burudani na Taadhima katika Sherehe za Kitaifa Kamina na Kaniama

1. Utangulizi

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na tamthilia iliyoandikwa, na kwa kiasi fulani na ngoma, majigambo na utani. Sherehe ya kitaifa imeachiwa wanasiasa na waandishi wa habari. Ngoma, kwaya na gwaride vinavyoonekana siku hiyo huchukuliwa kuwa mapambo tu: hotuba ndiyo nyama, burudani ni kiungo. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yanadai kwamba katika sherehe ya kitaifa burudani ndiyo inayotoa maana kwa taadhima, na kwamba swali la kwanza la mhakiki lingepasa kuwa: nani anamwimbia nani, na je, anayeimbiwa analazimika kujibu?

Eneo litakaloangaliwa ni Kamina na Kaniama, katika mkoa wa Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, na Kamina ndiyo makao yake makuu. Kaniama iko kaskazini-magharibi, kwenye reli itokayo Kamina kuelekea Kasai. Wenyeji wengi ni Waluba, na Kiswahili ni lugha ya soko, kituo cha reli na ofisi. Eneo hili halitajwi mara nyingi katika masomo ya Kiswahili, ingawa historia yake ya maonyesho ni ndefu.

2. Kipimo cha wenyeji

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walieleza kuwa sanaa za maonyesho zinahitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kipimo hicho kinatosha kuonyesha kwamba gwaride ni sanaa ya maonyesho. Lakini hakituambii onyesho zuri linatofautianaje na onyesho tupu. Kwa hilo inafaa kurejea kwa Waluba wenyewe.

Katika ufalme wa Waluba kulikuwa na chama cha Mbudye. Wanachama wake walikuwa watunzaji wa historia. Walisoma lukasa, yaani ubao wa shanga uliohifadhi kumbukumbu za wafalme, na walicheza na kusimulia historia hiyo mbele ya watu. Watafiti kama Thomas Reefe, na baadaye Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, wameonyesha kwamba chama hicho kilimtukuza mfalme na papo hapo kumwekea mipaka. Aliyejua asili ya utawala alijua pia masharti yake. Vivyo hivyo kasala, utenzi wa sifa na maombolezo unaojulikana hasa miongoni mwa Waluba wa Kasai, humtaja mtu kwa majina ya ukoo wake na hivyo kumkumbusha wajibu alioachiwa na waliomtangulia. Sifa katika sanaa hii ni deni: anayesifiwa huondoka uwanjani akiwa na la kulipa.

Hiki ndicho kipimo kitakachotumika hapa. Hakikutoka ng'ambo wala hakikubuniwa na wahakiki. Ni kipimo cha jadi ya mahali penyewe.

3. Kwaya ya mfalme

Katika miaka ya 1950 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda mjini Kamina kwaya ya wavulana na walimu, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 kwaya hiyo iliimba kwa mara ya kwanza Misa Luba, ambamo maneno ya Kilatini yalipewa sauti na midundo ya Kiluba na ya Kasai. Mwaka huohuo walikwenda Ulaya na kuimba katika Maonyesho ya Dunia mjini Brussels.

Kisanaa hii ni kazi bora, na haifai kubezwa kwa sababu ya jina la kwaya. Sehemu nyingi zilibuniwa na waimbaji wenyewe papo kwa papo juu ya nyimbo walizozijua nyumbani, ikiwemo mitindo ya kasala na nyimbo za kuagana. Hata hivyo, kwa kipimo kilichotajwa, kuna jambo limebadilika. Wimbo wa maombolezo uliokuwa ukiwafunga jamaa za marehemu sasa unasikilizwa na watazamaji wa Brussels wasiodaiwa chochote. Wanapiga makofi, wanakwenda zao. Mfalme aliyetajwa katika jina la kwaya hakukumbushwa wajibu wowote kwa wazazi wa wavulana hao. Uzuri umebaki, deni limeondolewa.

4. Siku ambayo burudani ilijibu

Tarehe 30 Juni 1960, katika Palais de la Nation mjini Léopoldville, taadhima ya uhuru ilipangwa iwe na wasemaji wawili: Mfalme Baudouin na Rais Joseph Kasavubu. Mfalme alimsifu Leopold II. Waziri Mkuu Patrice Lumumba, ambaye hakuwa katika ratiba, alisimama na kuwakumbusha waliohudhuria matusi, vipigo na kazi za shuruti za enzi ya ukoloni. Kwa lugha ya maonyesho, mtu aliyewekwa miongoni mwa watazamaji alipanda jukwaani. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, aliyechora historia ya Zaire katika miaka ya 1973 na 1974 na kuieleza kwa Kiswahili, alimpa Lumumba nafasi kuu katika historia hiyo; na si ajabu, kwa kuwa ndiye aliyekidai kile ambacho sherehe ilitaka kukisahau.

Wimbo wa siku hizo, Indépendance Cha Cha wa Joseph Kabasele na African Jazz, ulitungwa Brussels mwezi Januari 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara. Ni muziki wa dansi, tena wa furaha, lakini unawataja viongozi na vyama kwa majina. Kuwataja huko ni sawa na kuandika hati ya makubaliano: waliotajwa pamoja walitakiwa kubaki pamoja. Haukupita muda. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, ikapata bendera na wimbo wake. Waluba wengi wa kaskazini, waliofuata chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, walikataa. Kwa mtu wa Kamina au Kaniama, basi, swali la "sikukuu ya taifa lipi?" halikuwa la nadharia. Lilimwaga damu hadi Katanga iliporudishwa mwaka 1963.

5. Animasyo

Baada ya ziara za Rais Mobutu nchini China na Korea ya Kaskazini katika miaka ya 1970, sherehe za Zaire zilitawaliwa na kile kilichoitwa animasyo: vikundi vya waimbaji na wachezaji waliovaa sare na kumsifu rais na chama chake, MPR. Wafanyakazi, wanafunzi na wanavijiji waliingizwa katika vikundi hivyo. Nyimbo za jadi zilikusanywa kutoka kila eneo, zikaondolewa maneno yake na kupewa mengine. Siku kuu zilikuwa 20 Mei, siku ya Ilani ya N'Sele, na 24 Novemba, siku Mobutu alipotwaa madaraka mwaka 1965. Kapalanga Gazungil Sang'Amin aliyachunguza maonyesho hayo kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 1989.

Mhakiki mwadilifu atakiri kwamba wengi waliifurahia animasyo, na kwamba wachezaji wake walikuwa na ustadi mkubwa. Kasoro yake ilikuwa mahali pengine. Ngoma ilibaki na miguu yake lakini ilikatwa ulimi. Mbudye walimcheza mfalme pamoja na asili na mipaka yake. Animasyo ilimcheza rais asiye na asili wala mipaka. Ndiyo maana haikudumu. Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, sanaa iliyojaza viwanja kwa karibu miaka 20 ilipoteza sababu ya kuwapo, kwa kuwa haikuwa na la kusema zaidi ya jina la mtu mmoja.

Tatizo hili si la Zaire peke yake. Ngonjera za Mathias Mnyampala nchini Tanzania zilitumiwa kueneza siasa ya Ujamaa, lakini umbo lake la majibizano liliacha walau nafasi ya mpinzani kusema kabla hajashindwa. Kenya nayo ilijenga kwaya kubwa za kitaifa. Na moja yao, Kwaya ya Taifa ya Muungano chini ya Boniface Mganga, iliirekodi Misa Luba mwaka 1990. Sauti ya Kamina ilirudi Afrika Mashariki kupitia kwaya ya taifa jingine.

6. Mfano wa Mufwankolo

Je, kuna burudani inayoweza kuwa ndani ya utaratibu wa serikali na bado ikadai? Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kinatoa jibu. Kwa miaka mingi kilicheza michezo ya kuchekesha redioni na katika televisheni kwa Kiswahili cha Shaba, bila mswada, kila mchezaji akijaza nafasi yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza jinsi msemo kwamba madaraka huliwa mazima ulivyojadiliwa na wachezaji hao mwaka 1986 hadi ukawa mchezo. Hakuna aliyetajwa, lakini kila mtazamaji alijua ni nani aliyekuwa mezani. Kicheko kilifanya kazi ya lukasa.

7. Hitimisho

Leo 30 Juni ingali sikukuu kuu ya Kongo, ikifuatana na 17 Januari ya Lumumba. Mwaka 2020, uhuru ulipotimiza miaka 60, hapakuwa na gwaride kuu kwa sababu ya UVIKO-19. Ukimya huo ulifundisha jambo: bila uwanja, wananchi walibaki na hotuba tu, nao wakawa wasikilizaji wasio na ngoma ya kujibia.

Kaniama inajulikana nchini kote kwa kambi ya Kaniama-Kasese ya Utumishi wa Taifa, ambako vijana wa Kinshasa wanaoitwa kuluna wamepelekwa kulima mahindi na kufunzwa nidhamu. Gwaride kwao ni somo: hatua moja, sauti moja. Nidhamu si kosa, na mahindi yanaliwa. Lakini katika nchi hiyohiyo ya Waluba palikuwa na wachezaji waliofunzwa kwa miaka mingi ili waweze kumwambia mfalme alikotoka. Vyuo vyetu vikiendelea kuiacha sherehe ya kitaifa nje ya mtaala wa fasihi simulizi, wanafunzi watajua kuhesabu mizani ya shairi na hawatajua kuutazama uwanja uliojaa watu. Watasikia wimbo bila kuuliza anayeimbiwa amebeba deni gani.