Namna ya Kumpima Mwashi wa Kuta za Kale

Ukuta wa nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioakwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na ambao unene wake aghalabu hufikia nusu mita, haukukusudiwa kuyafungia maji nje asilani. Ulikusudiwa kuyapokea wakati wa masika na kuyarudisha hewani jua likiwaka, na atakaye kuipima kazi ya mwashi aliyeitwa kuondoa rutuba, sharti aanze na hakika hiyo.

Mtazame kabla hajashika mwiko. Aliye stadi hupanda juu akakagua paa na mlizamu, kisha akashuka kutazama mfereji wa uchochoroni na bomba la choo, kwani doa lililo karibu na paa lina tundu lake, hali utepe wa chumvi nyeupe unaoambaa chini ya ukuta ni dalili ya maji yanyonywayo kutoka ardhini. Yule ambaye jawabu lake ni kukwangua na kupiga lipu ya saruji siku hiyo hiyo, mpe nauli yake umuage kwa adabu.

Saruji hupendeza kwa miezi michache. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, hata ukauona mstari wa rutuba umechomoza juu kidogo ya ukingo wa lipu mpya; chumvi nayo huganda nyuma yake na kuibandua vipande vipande, na ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani huanza kuoza bila ya mwenye nyumba kuhisi.

Lipu ya chokaa ibishe kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, haikushika. Uliza chokaa imerowekwa muda gani, maana iliyorowekwa majuma mengi ni laini na tiifu. Uliza pia mchanga umetoka wapi, kwani wa pwani usiooshwa huja na chumvi yake. Tabaka ziwe nyembamba, ukuta ukilowanishwa kwanza, na kazi ikingwe jua kwa magunia mabichi. Juu yake ipakwe chokaa tu. Rangi ya mafuta huibatilisha kazi yote.

Doa likisalia miezi kadhaa baada ya fundi kuondoka, usimlaumu, kwa kuwa ukuta mnene hukauka kwa taratibu. Chumvi itakayojitokeza ifagiliwe kwa brashi kavu; ikioshwa kwa maji, itayeyuka irudi ndani.