Ritifaa ya Lang'at: jina linavyopotelea kwenye kompyuta

Kuanzia Litein hadi Sotik, ni vigumu kusoma orodha ya wakulima wa chai ukakosa Lang'at, Ng'eno au Ng'etich. Hata Bunge la Kenya liliwahi kuongozwa na Spika kutoka Buret, Profesa Jonathan Ng'eno, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ritifaa katika majina haya ndiyo inayotofautisha sauti ya ng'ombe na ya ngoma. Programu ikishindwa kuitunza, haifai kukabidhiwa majina ya watu wa Kericho na Bomet.

Ritifaa ya kibodi ni namba 39 katika ASCII, baiti moja isiyo na matata. Matata huanza Word inapoipinda yenyewe ikawa ’, alama ambayo ASCII haina. Usimbaji wa Windows-1252 huiandika kwa baiti moja, 146. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huiandika kwa baiti tatu: 226, 128, 153. Faili ya UTF-8 ikisomwa kama Windows-1252, kila baiti hugeuka herufi yake, na mkulima anaitwa Langâ€™at. Jina hilo linatisha, ila halijapotea. Katika Python, lisimbe tena kwa Windows-1252, kisha ulisimbue kwa UTF-8, litarudi zima.

Kinyume chake, faili ya Windows-1252 kusomwa kama UTF-8, ndicho kibaya. Baiti 146 ikisimama peke yake si halali katika UTF-8, hivyo Python hugoma na kutangaza kosa. Mgomo huo ni msaada mkubwa. Lakini mwandishi wa programu mwenye haraka huongeza 'ignore', yaani baiti isiyosomeka irukwe, kosa linanyamaza, na Lang'at anatoka Langat. Hakuna baiti iliyosalia ya kumrudishia alama yake. Wapo wanaoandika Langat kwa hiari. Huyu hakuulizwa, na siku ya bonasi jina lake huenda lisilingane na kitambulisho.

Wengi hudhani usawazishaji wa Unicode utaziunganisha alama hizi. Hauziunganishi. Hata NFKC, mojawapo ya aina zake, huacha ' na ’ zilivyo, pamoja na ʼ, U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi. Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, kisha utengeneze safu ya pili ya kutafutia tu, ambamo zote tatu zimegeuzwa namba 39.

Zigeuze kuwa namba 39 pia unapotuma SMS. Alfabeti ya kawaida ya SMS haina ritifaa iliyopinda. Ikiingia moja tu, nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe wa herufi 150 hukatwa vipande vitatu, kila kimoja na gharama yake.

Vijana mnaoandikia programu viwanda vya chai na vyama vya ushirika, kabla ya kukabidhi kazi ingizeni Lang'at kwa ritifaa zote tatu, mlihifadhi, mlitafute, mlitume. Na hiyo 'ignore' iondoeni leo.