Makupa, 1589: Bandari Iliyopotelea Mgongoni

Mtaa wetu wa Kariokor ulipata jina kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na labda ndiyo sababu nikisoma habari za vita vya baharini huuliza kwanza: nyuma kulikuwa na nani?

Mombasa, 1589. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa amekuja kutoka Mokha na merikebu tano za makasia na tanga, na wenyeji waliochoshwa na Wareno wakampokea. Akajenga boma kisiwani, akaipanga mizinga yake kuelekea mlango wa bandari. Mpango huo sioni kasoro yake. Chombo kinachoingia Mombasa hakina nafasi ya kuchezacheza: mlango ni mwembamba, miamba huku na huku, na mpiga mzinga yuko karibu.

Taabu ilikuwa Makupa, pale mabasi ya Nairobi yanapoingilia kisiwani leo. Ng'ambo, upande wa bara, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, jeshi lililopanda kutoka kusini na kuiangamiza Kilwa njiani. Maji yakitoka, kivuko kilipitika kwa miguu. Mir Ali Bey akalazimika kupeleka merikebu huko kukilinda. Sasa, merikebu ya makasia hubeba mizinga yake mikubwa omoni. Nguvu yake ni kugeuka upesi na kumwelekezea adui omo. Ukiitia nanga kivukoni, umeinyima silaha yake kuu, nayo ni mwendo.

Tomé de Sousa Coutinho, kamanda wa Wareno, aling'oa nanga Goa, India, mwishoni mwa Januari, kaskazi ikimsukuma, na vyombo vipatavyo 20 na watu kama 900. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuuwahi upepo huo. Mwanzoni mwa Machi alipita mbele ya boma chini ya mizinga, akaingia ndani, na merikebu za Waturuki zikakamatwa, za Makupa pia.

Kivuko kikabaki bila mlinzi. Wazimba wakavuka. Watu wa mji walikimbilia baharini, wengi wakafa maji, na Mir Ali Bey mwenyewe akaona heri kutekwa na Wareno. Alipelekwa Lisbon.

Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, mlangoni mwa bandari. Baadaye waliweka vigome vidogo Makupa pia, vikitazama bara.