Moyo Unaokaripiwa: Mvuto wa Vilivyopotea katika Al-Inkishafi

Wahakiki wengi wameisoma Al-Inkishafi kama waadhi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa ukoo wa masharifu wa Pate, anauhutubia moyo wake na kuuonya kuwa dunia ni hadaa, kisha anauonyesha magofu ya Pate yawe ushahidi. Usomaji huo si wa kupuuzwa. Hata hivyo, unaliacha swali moja la kifani bila jibu. Ikiwa azma ni kuufanya moyo uikinai anasa, mbona beti zinazoipamba anasa hiyo ndizo zilizotungwa kwa ustadi mkubwa zaidi?

Kabla ya kufika Pate, dunia inasawiriwa kwa taswira za jumla: bahari iliyochafuka, mangati yanayomhadaa mwenye kiu, taa iliyowashwa penye upepo. Ni taswira kali, lakini zimo katika hazina ya waadhi wa Kiislamu iliyo wazi kwa kila mtunzi. Tuingiapo majumbani, lugha inabadilika. Sasa mshairi anahesabu kitu kimoja kimoja: taa za kioo na za shaba, sahani zilizopangwa katika zidaka, vitanda vyenye magodoro, mito ya kijani iliyonakshiwa. Ndivyo afanyavyo mtu aliyepotelewa. Hutaja kila kitu kwa jina lake.

Kisha vitu hivyo vinahesabiwa mara ya pili, vikiwa havipo. Zidaka zilizokuwa na sahani zimelaliwa na makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu. Bundi analia ndani ya nyumba. Yafaa kutambua kwamba ukiwa huu hauwezi kusomeka bila ule utajiri. Kidaka chenye kinda la ndege kinatushtua kwa sababu tungali tunaiona sahani iliyokuwamo. Onyo linalonuia kutusahaulisha anasa linatulazimu kuikumbuka.

Umbo la ubeti nalo linaubeba mvutano huu. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani 11. Mitatu ya mwanzo ina kina chake kinachobadilika ubeti hata ubeti, ilhali wa nne hurejea daima kwenye kina kile kile, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Mishororo mitatu hutupa marashi na mito. Wa nne hutupokonya.

Hamu ya kutafuta kilichopotea imewaandama pia wataalamu wa shairi hili. W. E. Taylor alitoa matini aliyoisawazisha mwenyewe katika kitabu cha Stigand cha mwaka 1915, William Hichens akachapisha yake mwaka 1939, J. de Vere Allen akafuata mwaka 1977. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, ambaye Hichens alikuwa mmoja wa Wazungu aliowanakilia miswada, hakuwa mashine ya kunakili. Alikuwa mshairi kwa haki yake. Nakala zinatofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti, na kila mhariri ameahidi kutukaribisha kwenye asili. Kwa maoni yetu, tofauti hizo zinastahili kusomwa zenyewe badala ya kufanywa kifusi cha kuondolewa.

Hamu hiyo hudhihirika hasa katika dai kwamba shairi halikukamilika. Katika matini iliyozoeleka, shairi hufikia tamati kwenye mioto ya Jahannamu, bila neno lolote la Pepo. Hivyo baadhi ya wasomaji wamehisi kuwa sehemu ya mwisho imepotea au haikutungwa. Hatukubaliani nao. Mito ya kijani, malazi mema, vyombo vinavyong'aa: hii ndiyo lugha ambayo kwayo Kurani huielezea Pepo, na katika Suratu Rahman mito hiyo ya kijani imetajwa waziwazi. Pepo wanayoitafuta mwishoni imekwisha kutumika katikati, kuyapamba majumba ya Pate. Mshairi angeieleza tena, angeujengea moyo nyumba ile ile aliyokwisha kuibomoa, na moyo ungeitamani kwa sababu zile zile. Kwa hiyo kukoma kwake motoni ni uamuzi wa kifani, tena uamuzi mkali, wala si pengo.

Kwa vyovyote vile, Sayyid Abdalla hawazungumzii watu wa mbali. Aulizapo wako wapi, anaulizia watu wa mji wake mwenyewe, ambao nguvu zake zilivunjika mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya vita vya Shela. Swali ambalo kwa mwaadhi mwingine lingekuwa mapambo ya usemi, hapa lina majina na milango.

Wanafunzi waendao Pate wakiwa na shairi mkononi kwa kawaida huelekea moja kwa moja magofuni kutafuta zidaka. Wanapita katika mji unaokaliwa hadi leo, kisha wanaruka matuta ya tumbaku ambayo wenyeji wameyalima baina ya kuta zile zile.