Nanga Katika Kikombe

Mwandishi aliyejiita "Highland Seer" alituachia, mwanzoni mwa karne ya 20, kitabu kidogo cha Kiingereza: Tea-Cup Reading and Fortune-Telling by Tea Leaves. Humo hufunzwa ramli ya mashapo ya chai: kikombe hushikwa kwa mkono wa kushoto, huzungushwa mara tatu, kisha hufudikizwa juu ya kisahani. Majani yaliyoganda ndani ndiyo yasomwayo.

Ramli hiyo siitetei. Nalitetea somo moja lililomo, maana lawafaa wahakiki wetu wa ushairi.

Kitabu kina orodha ya alama. Nanga, kwa mfano, ni heri ya biashara na uthabiti wa mapenzi. Lakini ikizingirwa na wingu, maana hupinduka. Tena alama iliyo karibu na mdomo wa kikombe hutangaza jambo la karibuni. Iliyo kitakoni, la mbali. Basi orodha peke yake haitoshi: maana imo katika mahali na ujirani.

Hapo ndipo wahakiki wengi hujikwaa. Wakikuta nanga katika shairi husema upesi "uaminifu", wasiulize imo ubeti gani, wala imepakana na neno gani. Kumbe nanga iokoayo chombo wakati wa dhoruba ndiyo hiyo hiyo ikizuiayo kusafiri pepo zikiwa njema.

Majani ya chai huanguka yatakavyo. Neno la shairi limewekwa. Anayelisoma kwa orodha tu amempunja aliyeliweka.